Injini Zisizoonekana: Bakteria Anasukumaje Sumu Nje?

Kwa wageni wa mwaka huu, mimi ni yule kaka mrefu wa uhandisi mitambo anayefika mikutanoni kwa kuchelewa. Kila tukikutana kwenye pilau ya Idi au sherehe za Uhuru naulizwa swali lile lile: "Wewe si injinia? Mbona kutwa unaonekana jengo la biolojia?" Mhariri amechoka kunisikia nikijibu nusu nusu, akaniambia niandike. Basi nimeandika. Nimejaribu kueleza kama nilivyoelezwa mimi mwenyewe siku ya kwanza, yaani mtu aliyesoma PCM na kuiaga biolojia kidato cha nne bila majonzi.

Jibu fupi ni kwamba ninasoma injini. Ila injini zangu zina upana wa nanomita kama 10 hivi (mita moja ukiigawa mara bilioni, kipande kimoja ndiyo nanomita), zimeundwa kwa protini, na zinakaa ndani ya bakteria. Baadhi ya bakteria hao mnawafahamu kwa majina ya magonjwa yao: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, tauni, hata kisonono. Injini hizo zinaitwa ATPesi, kwa sababu mafuta yake ni ATP.

Uani hakuna soketi

Mwaka 1884 daktari wa Kidenmaki, Hans Christian Gram, alikuwa Berlin akijaribu kupaka bakteria rangi ili waonekane vizuri kwenye hadubini. Akagundua kuwa wapo wanaong'ang'ania rangi ya zambarau, na wapo wanaoiachia ukiwaosha kwa spiriti. Hao wanaoiachia ndio tunawaita Gram-hasi. Tofauti yenyewe iko kwenye ukuta. Bakteria wa Gram-hasi ana tando mbili, wa ndani na wa nje, na katikati kuna nafasi nyembamba inayoitwa periplazimu.

Fikiria nyumba ya uswahilini yenye ukuta wa uani. Ndani ya nyumba kuna umeme wa Luku, yuniti zimejaa. Nje ya ukuta ni barabarani. Uani, kati ya nyumba na ukuta, hakuna soketi hata moja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa bakteria huyu. ATP yote inatengenezwa na kubaki ndani kabisa. Periplazimu haina ATP. Sasa bakteria akitaka kutoa protini kubwa mpaka barabarani, inabidi apite milango miwili, na mlango wa pili uko sehemu ambayo haina umeme. Kwa injinia, tatizo hilo ni tamu: mota iko ndani, kazi iko nje, na kati yao kuna ukuta. Utaunganishaje?

Na mzigo si mdogo. Sumu ya kipindupindu peke yake ni protini sita zilizoshikana, moja ya aina A na tano za aina B zilizopangwa duara chini yake. Uzito wake ukiulinganisha na molekuli ya maji ni zaidi ya mara 4,000. Kitu kama hicho hakipenyi utando chenyewe kama harufu ya samaki inavyopenya dirishani. Lazima kisukumwe.

Shangazi na chupa 11

Niseme kwa nini nilianza na kipindupindu. Agosti 2015 ugonjwa ulilipuka Dar es Salaam, ukasambaa mikoani na Zanzibar, na mpaka kufika 2018 walikuwa wameugua watu zaidi ya 30,000 nchini na kufa zaidi ya 500. Mimi nilikuwa na miaka 20, chuo mwaka wa pili. Shangazi yangu, dada wa baba, aliugua usiku. Jioni ile alikuwa mzima akikaanga mihogo. Alfajiri macho yameingia ndani na sauti imekauka. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka kambi ya wagonjwa. Nilikuwa nachungulia dirishani nikihesabu dripu. Zilifika 11 kabla hajaweza kukaa mwenyewe.

Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza mpaka lita moja ya maji kwa saa. Sumu ikishika seli ya utumbo, ile sehemu A inaingia ndani na kuharibu swichi moja muhimu, ikabaki imewashwa moja kwa moja. Seli inaanza kumwaga chumvi ya kloridi, na maji yanaifuata. Bakteria mwenyewe hata haingii ndani ya seli. Amekaa nje, anatema tu. Kinachoua ni kile anachokitema.

Miaka kadhaa baadaye, katika maktaba ya hapa chuoni, nilikikuta kitabu cha daktari James Christie aliyefanya kazi Zanzibar, kilichochapwa 1876, kinachoeleza jinsi kipindupindu kilivyopita Afrika Mashariki kwa njia za misafara na majahazi. Alikiandika kabla Robert Koch hajawaonyesha watu mdudu mwenyewe mwaka 1884. Nilikisoma usiku mmoja badala ya kufanya kazi ya darasa, na nadhani hapo ndipo nilipopotea njia kutoka kwenye turbini za upepo.

EpsE, mota iliyo ndani ya nyumba

Sumu ya kipindupindu inatoka kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kuvuka utando wa ndani. Hapo mnyororo wa protini unapita ukiwa haujakunjwa, kama uzi unaopitishwa kwenye tundu la sindano, na anayeusukuma ni ATPesi iitwayo SecA. Ukifika uani, mnyororo unajikunja, na vipande sita vinashikana kuwa sumu kamili.

Hatua ya pili ndiyo yenye mambo. Sasa sumu iko kwenye periplazimu, imeshakunjwa, imenenepa, na lazima ipite utando wa nje. Mlango wake ni duara kubwa la protini iitwayo EpsD, 15 zimeshikana kama mbao za pipa. Mfumo mzima unaitwa Aina ya 2. Na injini yake, EpsE, iko ndani ya nyumba, upande wa pili wa utando wa ndani. EpsE haiigusi sumu kabisa. Haiioni!

Wanafanyaje? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kama pampu ya kisima. Injini inakaa juu, na kuna fimbo inayoshuka shimoni. EpsE inapochoma ATP inabadilika umbo, na mabadiliko hayo yanapita kwenye protini nyingine zilizotoboa utando wa ndani, ambazo nazo zinapandisha vipande vidogo vidogo kutoka kwenye utando na kuvipanga kimoja juu ya kingine kwa mzunguko, kama kashata za kwenye sinia ukizipanga kuwa mnara. Mnara huo unarefuka ndani ya periplazimu na kuisukuma sumu mpaka itoke mlangoni kwa EpsD. Halafu unabomolewa, vipande vinarudi, kazi inaanza upya. Pistoni inayojengwa upya kila mara! Mjomba wangu angesema hiyo ni hasara ya vifaa, lakini bakteria hapotezi kifaa, anavitumia vile vile.

Ukitaka kujua injini za ukoo huu zina nguvu kiasi gani, tazama ndugu yake EpsE aitwaye PilT, ambaye kazi yake ni kuvuta kamba ambazo bakteria wa kisonono hurusha na kujivutia nazo. Mwaka 2002 watafiti walipima kamba moja wakakuta inavuta kwa nguvu inayozidi pikonyutoni 100. Namba hiyo peke yake haisemi kitu, kwa hiyo tupige hesabu. Bakteria ana masi ya kama pikogramu moja, na mvuto wa dunia juu yake ni kama pikonyutoni 0.01. Kwa hiyo kamba moja inaweza kuvuta mara 10,000 ya uzito wa mwenye kamba. Hiyo ni kama mtu wa kilo 70 avute tani 700. Najua wapo watakaosema vitu vidogo siku zote vina nguvu kuliko ukubwa wake, sisimizi naye hivyo hivyo. Ni kweli. Lakini sisimizi hafiki huko.

Nozo ya mjomba

Mjomba wangu alikuwa na gereji Gerezani, kazi yake pampu na nozo za dizeli. Likizo zangu zote za sekondari niliosha nozo kwa mafuta ya taa. Nilipomwambia kwa simu kuwa nasoma bakteria wenye nozo alicheka sana, kisha akauliza swali la fundi: "Sasa mjomba, injini hiyo inakula nini, na inazungusha nini?" Nakwambieni, katika miaka yote ya kusoma sijaulizwa swali zuri kuliko hilo.

Nozo yenyewe ni mfumo wa Aina ya 3. Wanao Salmonella, Shigella, bakteria wa tauni, na E. coli wale wabaya wanaoharisha watoto. Mwaka 1998 picha za hadubini ya elektroni zilionyesha kifaa kizima kikiwa kimetolewa kwenye Salmonella: kitako kilichokaa kwenye tando zote mbili, na juu yake sindano inayochomoza nje. Ni sindano kweli, ina uwazi katikati. Bakteria anaielekeza kwenye seli ya mtu na kupitisha protini zake moja kwa moja kutoka ndani mwake, bila kusimama uani. Tundu la sindano lina upana wa nanomita 2.5 hivi. Protini iliyokunjwa haipiti. Lazima ikunjuliwe kwanza.

Kwenye kitako, upande wa ndani, kunaning'inia ATPesi. Kwa Salmonella inaitwa InvC, kwa Shigella ni Spa47, kwa tauni ni YscN, kwa E. coli ni EscN. Majina tofauti, ukoo mmoja. Zinakaa sita zikiwa duara, na katikati ya duara linapita shina. Protini zinazosubiri kutoka zimeshikwa kila moja na msindikizaji wake anayeizuia isijikunje ovyo. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba InvC ndiyo inayomvua msindikizaji na kuikunjua protini, kwa kutumia ATP. Ukibadilisha asidi amino moja tu, lizini iliyoko pale ATP inapokaa, injini inazimika. Salmonella huyo anaishi, anakula, anazaana, lakini hawezi kutoa protini zake kwa njia hiyo.

Sasa shina lile la katikati ndilo lililoniteka. Sita duara na shina katikati: injinia yeyote akiona hivyo anawaza rota na shafti. Na kuna sababu nzuri ya kuwaza hivyo, kwa sababu ATPesi hizi ni ndugu wa mashine iliyo ndani ya miili yetu sote, ile inayotengeneza ATP kwenye mitokondria. Ya kwetu inazunguka kweli, si nadharia. Mwaka 1997 Wajapani walifunga kijiti kinachong'aa juu ya shafti ya mashine hiyo, wakaipa ATP, wakakiona kijiti kinazunguka chini ya hadubini. Mwaka uliofuata wakapima: kila ATP moja inazungusha theluthi ya duara, na nguvu ya kuzungusha ni kama pikonyutoni-nanomita 40.

Hapa chukueni kalamu. Theluthi ya duara ni radiani 2.09. Zidisha kwa 40, unapata kama 84. ATP moja ikichomwa katika hali ya ndani ya seli inatoa nishati ya kilojouli 50 hivi kwa kila moli; gawa kwa namba ya Avogadro, unapata kama 83 kwa kipimo kile kile. Yaani karibu kila kilichomo kwenye mafuta kimekwenda kwenye shafti. Injini nzuri ya dizeli inakuachia kama asilimia 40, nyingine yote ni moto na moshi. Niliporudia hesabu hiyo mara ya pili usiku ule nikapata jibu lile lile, nilitoka nje ya maktaba nikatembea tu kwenye mvua.

Miezi saba iliyokwenda na maji

Basi nikajenga modeli yangu ya kompyuta juu ya wazo hilo. InvC sita, shina katikati, ATP inachomwa, shina linazunguka, protini inavutwa na kusukumwa juu mpaka itokeze kwenye sindano. Kila pikonyutoni ilitoka kwenye ATP. Grafu zilikuwa nzuri sana. Nilifanya miezi saba.

Kikao cha tathmini ya mwaka wa kwanza kilipofika, mtahini mmoja, mama mtu mzima mpole, aliangalia michoro yangu kimya, kisha akauliza: "Na protoni umeziweka wapi?" Sikuwa nimeziweka popote. Nilibaki nimesimama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Kilichokuwa kimenipita ni hiki. Utando wa ndani wa bakteria una chaji: nje kuna protoni nyingi, ndani chache, na tofauti ya umeme inaweza kuwa milivolti 170 hivi. Protoni zikipata njia ya kurudi ndani zinaporomoka kama maji ya bwawa, na unaweza kuzifanyisha kazi. Mwaka 2008 makundi mawili, moja la Osaka na jingine likiongozwa kutoka Utah, yalichapisha matokeo kwenye jarida la Nature juu ya flajela za Salmonella. Flajela ni ule mkia wa kuogelea, na vipande vyake vinatolewa na mtambo ulio ndugu wa sindano, wenye ATPesi yake iitwayo FliI. Waliondoa FliI pamoja na protini inayoifunga, FliH, na utoaji ukaendelea kidogo. Wakiongeza mabadiliko mengine madogo kwenye lango, ukaendelea zaidi. Lakini walipoua ile chaji ya protoni, utoaji ulisimama, ingawa ATP ilikuwepo. Kumbe anayesukuma hasa ni protoni!

Sasa ATPesi inafanya nini? Mwaka 2014 wale wa Osaka walionyesha kwamba hata FliI inayochoma ATP kwa nadra mno inatosha kuufanya mtambo uendelee kutoa protini vizuri. Mjomba nilimweleza hivyo, akaelewa kabla sijamaliza: "Hiyo basi si injini mjomba, hiyo ni stata." Naam. Inawasha, inafungua lango, inamvua msindikizaji na kuandaa mzigo, halafu protoni zinavuta gari. Nishati ya protoni moja kwa milivolti 170 ni kama 27 kwa kipimo chetu, theluthi ya ATP. Protoni tatu, ATP moja. Ukiangalia hesabu peke yake huwezi kujua nani anafanya kazi, zote zinatosha. Lazima uzime moja uone.

Sikusema hayo yote ili mnionee huruma. Makala zile zilikuwepo tangu mimi niko shule ya msingi, ni uvivu wangu wa kusoma kile kinachonipendeza. Lakini ufadhili wangu una mwisho wake, na miezi saba hairudi. Sura nzima niliifuta. Modeli ninayofanya sasa ina vyanzo viwili vya nishati, na swali langu ni dogo zaidi na gumu zaidi: stata inazunguka kweli, au inafunguka na kufunga tu? Picha za 2019 kutoka Vancouver zilionyesha EscN sita pamoja na shina lao, zikiwa hazijakaa sawasawa. Nyingine zimekumbatia ATP, nyingine zimefunguka. Hivyo ndivyo inavyoonekana mashine inayozunguka ukiipiga picha ikiwa katikati ya mwendo. Lakini picha imesimama. Ile ya mitokondria tuliiona ikizunguka kwa macho, na mimi nataka ushahidi wa namna hiyo kabla sijaandika neno "inazunguka" bila "huenda" mbele yake.

Mkuki, na vidonda vya tumbo

Ipo mifumo mingine, nitaigusa kwa haraka. Aina ya 4 inatumiwa na Helicobacter pylori, yule wa vidonda vya tumbo ambaye Barry Marshall wa Australia alimnywa makusudi mwaka 1984 ili kuthibitisha hoja yake, na mwaka 2005 akapata Nobeli pamoja na Robin Warren. Mfumo huo kwa kawaida una ATPesi tatu, na kugawana kwao kazi kunahitaji makala yake.

Aina ya 6 lakini siwezi kuiruka, maana inapindua kila kitu nilichosema. Vibrio wa kipindupindu anayo pia, na anaitumia kuwachoma bakteria jirani. Ni mkuki uliofunikwa na ala ndefu. Ala inajengwa ikiwa imenyooshwa kama springi, kisha inajikunja ghafla, chini ya elfu tano za sekunde, na mkuki unaruka. ATPesi yake, ClpV, haihusiki na mruko huo. Nishati ilishawekwa wakati wa kujenga, kama mtego wa panya. ClpV inakuja baada ya tukio, inaifumua ala iliyojikunja ili vipande vikatumike tena. Yaani ni mtu wa kutega upya. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "ATPesi ndiyo inayoendesha mfumo", muulizeni mfumo upi, na inaendesha hatua gani.

Shangazi anauliza

Shangazi alipona, yuko Tanga siku hizi. Mwaka jana aliniuliza: "Baba, hizo injini zako zitasaidia nini?" Nilikuwa na jibu la kwenye fomu ya ufadhili: ukizuia ATPesi unamnyang'anya bakteria silaha bila kumuua, na asiyeuawa hana haraka sana ya kujenga usugu kama anayeuawa na antibiotiki. Hoja ni nzuri. Watu wametafuta kemikali za kuzima YscN na ndugu zake kwa miaka mingi, na zimepatikana zinazofanya kazi maabara. Hakuna iliyofika duka la dawa mpaka naandika haya. Tatizo mojawapo nimeshawatajia bila kulitilia mkazo: ni ndugu na mashine ya mitokondria zetu. Kemikali ikikosea nyumba inamzima mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana umbo la shina na jinsi linavyokaa ni muhimu, kwa sababu huko ndiko tofauti kati yao na sisi iliko, na huko ndiko modeli yangu inakochungulia.

Lakini shangazi si fomu ya ufadhili. Nilimwambia ukweli: kwa kipindupindu, chupa zile 11 zilikuwa dawa bora kuliko chochote nitakachotengeneza. Mgonjwa akirudishiwa maji na chumvi mapema, wanaokufa hawafiki mmoja kati ya mia. Na bomba la maji safi lingekuwa bora kuliko dripu. Akaniambia, "Sasa si ungesoma mabomba?" Nilikosa la kusema kwa muda.

Nikamjibu kuwa ipo homa ya matumbo. Tangu 2016 kule Sindh, Pakistan, kuna aina iliyokataa karibu dawa zote za kawaida. Na kwetu Afrika kusini ya Sahara kuna Salmonella wanaoingia kwenye damu ya watoto wadogo, hasa wenye malaria au utapiamlo, ambao nao wamejifunza kukataa dawa. Hapo dripu haitoshi. Alisikiliza, akasema "haya," kwa ile sauti ya watu wazima ambayo hujui kama wamekubali. Mimi mwenyewe nikitoka maabara saa nne usiku siku nyingine naona alikuwa sahihi, na siku nyingine siyo. Mabomba wapo wenzangu wanaoyasoma, wawili wako humu humu kwenye jumuiya yetu, na bila shaka watatoa makala yao.

Kwa wanaotaka kuona kwa macho: nimechapisha modeli ya plastiki ya EscN sita na shina lake, imekuzwa mara milioni 15 hivi, na nitakuja nayo kwenye mkutano ujao wa jumuiya. Watoto wanaweza kuichezea. Shina linakwama kidogo upande mmoja, nimelipiga msasa lakini bado.